Bei Zimeanikwa, Mwenye Mfuko Hajazisoma

Tangu tarehe 1 Januari 2021, kila hospitali nchini Marekani inatakiwa kuweka bei zake hadharani. Kanuni inataka mambo kadhaa kwa kila huduma: bei iliyoandikwa kwenye orodha ya hospitali, bei ya anayelipa taslimu, bei iliyokubaliwa na kila kampuni ya bima kwa jina lake, kisha ya chini kabisa na ya juu kabisa kati ya hizo za makubaliano. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Julai 2022, kampuni za bima nazo zikaamriwa kuanika za kwao.

Kwa nchi ambayo mikataba ya hospitali na bima ilifungiwa kabatini miaka nenda rudi, hilo si jambo dogo. Chama cha Hospitali cha Marekani kilikwenda mahakamani kuipinga kanuni hiyo, kikashindwa Juni 2020, kikakata rufaa, kikashindwa tena Desemba mwaka huohuo. Watu hawamwagi fedha kwa mawakili kulinda kitu kisichowaingizia chochote. Siri ile ilikuwa na wenyewe.

Lakini ahadi iliyotolewa wakati kanuni inatungwa ilikuwa kubwa zaidi ya kuonyesha namba. Wananchi waliambiwa kwamba bei zikionekana zitashuka, kwa sababu mgonjwa atalinganisha, atachagua ya nafuu, na hospitali ghali italazimika kujirekebisha. Hilo halijatokea kwa kiwango kinachoonekana katika matumizi ya taifa. Taasisi ya utafiti ya RAND ilipochambua malipo ya mwaka 2022, iliona kwamba bima binafsi zilizilipa hospitali wastani wa asilimia 254 ya kile ambacho Medicare, bima ya serikali ya wazee, ingelipa kwa huduma zilezile. Arkansas na Michigan zilikuwa chini ya asilimia 200. Florida na Georgia zilikuwa juu ya 300. Nchi ni moja na magonjwa ni yaleyale, ila hospitali za jimbo moja zinalipwa chini ya mara mbili ya Medicare na za jimbo jingine mara tatu na zaidi.

Ninaamini kanuni ya uwazi ni njema na ninaitetea. Kosa ni kwamba imeelekezwa kwa mtu asiyefaa. Imemkabidhi mgonjwa namba ambazo hana nguvu ya kuzitumia, ilhali anayelipa sehemu kubwa ya bili, ambaye angeweza kuzitumia kesho asubuhi, hajaulizwa kitu.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima tuifuate bili moja njiani. Tuchukue kipimo cha MRI cha goti bila dawa ya kung'arisha picha. Kina namba yake, 73721, katika mfumo wa namba za huduma unaomilikiwa na Chama cha Madaktari cha Marekani, na namba hiyo ni ileile kutoka Boston hadi Los Angeles. Sasa tuseme, kwa mfano tu, hospitali imekiandika kwenye orodha yake kuwa ni dola 4,000. Mgonjwa anapimwa, hospitali inatuma madai kwa kampuni ya bima. Kule madai hayasomwi kwa macho ya mtu kwanza. Kompyuta inatafuta mkataba, inakuta kwamba kwa 73721 hospitali hii ilikubali dola 1,600, na inaandika kwamba hicho ndicho kiasi kinachoruhusiwa. Dola 2,400 zilizobaki zinafutwa. Hakuna aliyezilipa, hakuna atakayezidai, wala hakuna aliyewahi kutarajia kuzipata.

Baada ya hapo mgonjwa anapokea karatasi yenye safu tatu: kilichotozwa, kilichopunguzwa, anachodaiwa. Safu ya katikati inamweleza kwamba bima yake imemwokolea dola 2,400. Kama tayari amekwisha kujilipia kiwango cha awali cha mwaka ambacho mpango wake unadai kabla ya bima kuanza kulipa, atachangia pengine asilimia 20, yaani dola 320. Kama bado, dola 1,600 zote ni zake. Na inawezekana kabisa kwamba hospitali ileile, kwa mtu anayeingia na fedha mkononi bila bima, ingetoza dola 700. Mwenye bima, ambaye kila mwezi anakatwa mshahara ili awe nayo, analipa zaidi ya mara mbili ya asiye nayo, huku karatasi ikimpongeza kwa punguzo alilopata. Akiamua kulipa hizo 700 taslimu na kuachana na bima siku hiyo, kwa kawaida hazihesabiwi katika kiwango chake cha mwaka. Amebanwa kushoto na kulia.

Kwa nini bei ya orodha iko juu hivyo kama karibu hakuna anayeilipa? Kwa sababu ina kazi nyingine. Mikataba mingi iliandikwa kwa asilimia: bima italipa, tuseme, asilimia 60 ya orodha. Ukipandisha orodha, asilimia 60 nayo inapanda. Orodha ikipanda, punguzo nalo linakua, na muuzaji wa bima anaweza kumwendea mwajiri na kujisifu kwamba mtandao wake, yaani hospitali zilizosaini naye mkataba, unapunguza bili kuliko wa mwenzake. Pande zote mbili zina sababu ya kuitaka namba kubwa juu ya ukurasa. Medicare ilijitoa katika mchezo huo mwaka 1983, ilipoanza kulipa kiasi kilichopangwa mapema kwa kila kundi la ugonjwa, hospitali iandike orodha inayotaka. Bima binafsi zilibaki mezani zikijadiliana, na majadiliano hayo ndiyo yamezaa asilimia 254.

Mafaili yaliyotokana na kanuni mpya ni kitu cha kutazamwa kwa karibu, kwa sababu yanaeleza mengi kuliko waliyoyaweka wanavyopenda. La hospitali moja linaweza kuwa na makumi ya maelfu ya mistari: namba ya huduma, maelezo mafupi yaliyokatwa katikati, jina la kampuni ya bima, jina la mpango, bei. Kampuni moja inaweza kuwa na mipango kadhaa, na bei ya 73721 ikatofautiana kutoka mpango hadi mpango ndani ya kampuni hiyohiyo, kwenye mashine ileile, kwa fundi yuleyule. Miaka ya mwanzo mistari mingi haikuwa na dola kabisa. Iliandikwa asilimia ya orodha au kanuni ya hesabu, na msomaji akaachwa apige mwenyewe. Serikali ililazimika kutoa muundo mmoja wa lazima kuanzia Julai 2024, kisha kutaka makadirio ya kiasi halisi kwa dola kuanzia Januari 2025.

Mafaili ya kampuni za bima ni makubwa kiasi kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi kuyafungua, na ndani yake kuna bei za huduma ambazo mtoa huduma husika hazitoi, kama vile bei ya upasuaji iliyoandikwa kwa jina la mtu ambaye hajawahi kushika kisu cha upasuaji. Zimo kwa sababu mikataba hunakiliwa kwa jumla, orodha nzima ikabandikwa kwa kila aliyesaini.

Adhabu nayo ilianza kwa unyonge. Hospitali iliyokaidi ilitozwa dola 300 kwa siku, kiasi ambacho hospitali kubwa inakikusanya kabla mgonjwa hajamaliza kuvua viatu. Mwaka 2022 faini ilipandishwa ifuate idadi ya vitanda, hadi dola 5,500 kwa siku, na Juni mwaka huo hospitali mbili za Northside jimboni Georgia zikawa za kwanza kutozwa: ile ya Atlanta dola 883,180, ya Cherokee dola 214,320. Hapo wengine walianza kusikia.

Tuchukulie sasa kwamba mafaili yote ni safi, kamili na yanasomeka. Mgonjwa atafanya nini nayo? Aliyepata kiharusi hachagui. Mwenye uchungu wa kujifungua hawezi kusimama kwenye ngazi ya hospitali akilinganisha mistari. Hata huduma inayoweza kupangwa, kama MRI yetu ya goti, haifuati mantiki ya sokoni. Wachumi Michael Chernew, Zack Cooper na wenzao walichunguza suala hilohilo la MRI ya mguu na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018. Waligundua kwamba, kwa wastani, mgonjwa akienda kupimwa alivipita njiani vituo sita vyenye bei ya chini kuliko alikokwenda. Waliotumia chombo cha kutafuta bei walichopewa hawakufika asilimia 1. Kilichoamua mahali pa kupimwa, kuliko bei na kuliko umbali, kilikuwa daktari aliyewaandikia barua ya rufaa.

Siwalaumu wagonjwa hao hata kidogo. Mtu mwenye maumivu humfuata anayemwamini. Na anayejua kwamba mwaka huu amekwisha kujilipia kiwango chake, hana sababu ya kuendesha gari dakika arobaini zaidi ili kuokoa fedha za kampuni ya bima.

Ila hapo kwenye "fedha za kampuni ya bima" ndipo watu wengi wanapopotea. Zaidi ya asilimia 60 ya wafanyakazi wa Marekani walio na bima kupitia kazini wako kwenye mipango ambayo mwajiri mwenyewe ndiye anayebeba gharama, chini ya sheria ya mwaka 1974 iitwayo ERISA. Kadi mfukoni ina nembo ya kampuni kubwa ya bima, lakini kampuni hiyo ni karani: inapokea madai, inayakagua, inalipa kwa fedha za mwajiri, na inachukua ada kwa kazi hiyo. Ikikubali 1,600 badala ya 900 kwa goti moja, hasara haiingii kwenye vitabu vyake. Inaingia kwa mwajiri, na kutoka kwa mwajiri inashuka hadi kwenye mshahara ambao haukuongezwa.

Pale ambapo kampuni ya bima inabeba gharama yenyewe, sheria ya afya ya mwaka 2010 inaitaka itumie angalau asilimia 80 ya ada za bima kwa matibabu, au 85 kwa makundi makubwa. Nia ilikuwa nzuri, kuzuia ulafi. Hesabu yake lakini ina upande wa pili: anayeruhusiwa kubaki na asilimia 15 atapata zaidi kwenye jumla kubwa kuliko kwenye ndogo. Gharama zote zikipanda pamoja, na ada zikapanda nazo, kampuni haidhuriki.

Kwa hiyo mtu anayetumwa kujadili bei na hospitali ni mtu ambaye bei hiyo haimuumi sana. Anachokiogopa ni kitu kingine, yaani kuikosa hospitali maarufu katika mtandao wake, kwa sababu waajiri watamkimbia. Hospitali zinalijua hilo. Kaskazini mwa California, kikundi cha hospitali cha Sutter Health kilishtakiwa kwamba kiliwalazimisha walipaji wazichukue hospitali zake zote au waikose hata moja, kwamba mikataba yake ilizuia wagonjwa kuelekezwa kwenye hospitali nafuu, na kwamba ilificha bei zisijulikane. Mwaka 2019 kilikubali kulipa dola milioni 575 kuimaliza kesi hiyo, na kubadili mikataba yake.

Wapo wanaosema uwazi unaweza hata kuongeza bei, na hoja yao isipuuzwe. Mwaka 1993 mamlaka ya ushindani ya Denmark iliamua kuchapisha bei halisi ambazo viwanda vya zege viliwauzia wateja katika baadhi ya mikoa, ikitumaini kuchochea ushindani. Ndani ya mwaka mmoja bei zilipanda kwa asilimia 15 hadi 20. Viwanda vilikuwa vichache. Kila kimoja kiliona mwenzake anatoza kiasi gani, na aliyekuwa chini hakuona sababu ya kubaki chini. Miji mingi ya Marekani ina vikundi viwili au vitatu tu vya hospitali. Mkurugenzi wa fedha aliyegundua kupitia faili la jirani kwamba kampuni ileile ya bima inamlipa huyo jirani mara moja na nusu ya anacholipwa yeye, ataingia kwenye mazungumzo yajayo na faili hilo mkononi. Naamini hili linatokea, na ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kazi ilikwisha siku namba zilipotundikwa.

Uwazi unaleta faida pale mlipaji anapoichukua namba na kuiwekea ukomo. Mifano ipo, na inatoka Marekani hukohuko.

CalPERS, mfuko unaowahudumia watumishi wa umma wa California, uligundua kwamba hospitali za jimbo hilo ziliutoza kati ya dola 15,000 na dola 110,000 kwa kubadilisha goti au nyonga. Hakukuwa na ubora unaoeleza tofauti hiyo. Mwaka 2011 mfuko ukaweka ukomo wa dola 30,000: mwanachama anaweza kwenda popote, lakini kinachozidi hapo ni juu yake, isipokuwa kama hali yake ya kiafya au umbali wa makazi yake unamlazimu kwenda kwingine. Watafiti James Robinson na Timothy Brown walipofuatilia, walikuta hospitali zilizokuwa ghali zimeshusha bei kwa takribani theluthi moja. Zilishusha kwa sababu kwa mara ya kwanza aliyeketi upande wa pili wa meza alitaja kikomo na akakisimamia, na kwa huduma ambayo mtu ana wiki kadhaa za kuipanga.

Montana ilikwenda mbali zaidi. Marilyn Bartlett, aliyekabidhiwa mpango wa afya wa watumishi wa jimbo hilo mwaka 2014 ukiwa unaelekea kufilisika, aliacha kuanzia kwenye orodha ya hospitali akishuka. Alianzia kwenye bei ya Medicare akipanda, na akaziambia hospitali kwamba mpango utalipa wastani wa asilimia 234 ya hiyo. Ni ukarimu mkubwa ukiutazama. Hata hivyo hospitali ziling'aka, na baadhi zilitishia kujitoa. Mwishowe hospitali zote kubwa za jimbo zilisaini, na mpango ukapona. Jambo ninaloliheshimu zaidi katika kisa hiki ni hatua yake ya mwanzo kabisa, kwamba alidai kuona ni kiasi gani hasa kilikuwa kinalipwa, na hakukubali jibu la punguzo la asilimia fulani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2024, kwa hesabu za KFF, taasisi ya utafiti wa afya, ada ya wastani ya bima ya familia kupitia mwajiri ilikuwa dola 25,572 kwa mwaka, mfanyakazi akikatwa dola 6,296 na mwajiri akitoa iliyobaki. Hakuna kampuni inayonunua magari au saruji kwa fedha kama hizo bila kuomba bei tatu. Kwa matibabu, waajiri wengi bado wanaridhika na ripoti ya mwaka inayotaja asilimia ya punguzo, iliyoandaliwa na karani yuleyule wanayepaswa kumkagua. Zamani walikuwa na kisingizio: mikataba iliwakataza kuziona bei. Sheria iliyopitishwa Desemba 2020 ilipiga marufuku vifungu hivyo vya kuwafunga midomo, na ikawataka wathibitishe kila mwaka kwamba mikataba yao haina vifungu hivyo. ERISA yenyewe inawataka wanaosimamia mipango hiyo watumie fedha za wafanyakazi kwa uangalifu wa mtu makini. Kwa hiyo daftari lipo, na kulisoma ni wajibu wao kisheria.

Chama cha wafanyakazi hakihitaji mtaalamu wa takwimu ili kuanza. Kinaweza kuchagua huduma ishirini ambazo wanachama wake hutumia zaidi, kikatoa bei ya kila hospitali ya mji kwa kila moja kutoka kwenye mafaili ya wazi, kikaigawa kwa bei ya Medicare, na kupeleka jedwali hilo kwa mwajiri kabla ya mazungumzo ya mishahara. Hata ukurasa mmoja unatosha, wenye jina la hospitali upande mmoja na asilimia upande wa pili. Mwajiri akijibu kwamba bei ni siri, ameshasema uongo.

Dharura zinabaki nje ya haya yote. Sheria hiyohiyo ya Desemba 2020 ilimkinga mgonjwa asipigwe bili ya ghafla na daktari aliye nje ya mtandao ambaye hakumchagua, na huo ni ushindi wa kweli. Mzozo wa bei ukahamia kwa wasuluhishi, ambako watoa huduma wameshinda kesi nyingi, na gharama ya ushindi huo itarudi kupitia ada za bima.

Kuna pia miji ambayo mwajiri hata akiwa na jedwali zuri kiasi gani hana pa kulipeleka, kwa kuwa hospitali ni moja. Huko kumwambia mtu alinganishe ni kumdhihaki. Huko lazima serikali iingie. Maryland imekuwa ikipanga bei za hospitali kupitia tume ya jimbo tangu miaka ya 1970, na hospitali moja hutoza walipaji wote kwa viwango vya tume vilivyo karibu sawa. Oregon ilichagua njia nyembamba zaidi. Sheria yake ya mwaka 2017 iliweka ukomo kwa mipango ya watumishi wa umma na walimu: asilimia 200 ya Medicare kwa hospitali iliyo ndani ya mtandao, na 185 kwa iliyo nje. Kwa mpangilio huo hospitali inayojitoa ili kutishia inaishia kulipwa pungufu ya inayobaki, hivyo tishio la kujitoa linakosa makali. Hospitali ndogo za vijijini ziliachwa nje ya ukomo ili zisifungwe. Wabunge wa majimbo yanayolipa zaidi ya asilimia 300 wanaweza kuichukua sheria hiyo karibu kama ilivyo, na sasa namba za hospitali zao wenyewe ziko wazi kuwasaidia kuamua ukomo uanzie wapi.